Majabali ya Pwani yasiyojulikana: yako wapi, na nani wa kuulizwa kabla ya kuyapanda

Vijana wa Mombasa na Kilifi wakijua kwamba napenda kuzurura kwenye majabali, swali lao huwa lile lile: mbona wapandaji wa miamba wote wa Kenya huenda Hell's Gate na Lukenya, kwani Pwani hatuna mawe? Mawe tunayo. Tunayo ya aina tatu, na kila aina ina tabia yake, wenyewe wake na hatari zake. Makala haya ni ya yule anayetaka kutafuta jabali ambalo halimo katika kitabu cha wapandaji. Ni ya mwanakijiji pia, ambaye siku moja ataona gari la wageni wenye kamba limeegeshwa chini ya mlima wake na asijue awaulize nini.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Mpandaji hujifunga mkanda wa kiunoni na kamba, na mwenzake chini huishika kamba ile ili akiteleza asifike ardhini. Kamba yaweza kufungwa juu kwenye mti au jiwe kubwa kabla mtu hajaanza kupanda. Yaweza pia kupandishwa na mpandaji mwenyewe, akichomeka vyuma vidogo katika nyufa, na mwenzake anayefuata akavitoa. Njia ya tatu ni kutoboa mwamba kwa mashine na kutia bolti, ambazo hubaki hapo baada ya watu kuondoka. Hizi njia tatu haziachi alama sawa, na mwenye ardhi anapoombwa ruhusa ana haki ya kujua anaombwa ipi.

Nani aliyegundua?

Neno "kugundua" lina historia ndefu kwetu. Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro wenye theluji, na vitabu vingi humwita Mzungu wa kwanza kuugundua. Rebmann alitoka Rabai, hapa juu tu ya Mombasa, na hakutembea peke yake. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya Uchagani. Wataalamu wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini watu wa misafara walikuwa wakisimulia habari za mlima ule kabla Rebmann hajafungasha mizigo yake. Nusu karne baadaye, Septemba 1899, Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, Mlima Kenya, pamoja na Cesar Ollier na Joseph Brocherel. Msafara wake ulikuwa na wapagazi Waswahili kutoka Unguja, ila majina yanayotajwa vitabuni ni yale matatu.

Nimeyataja haya kwa sababu jabali "lisilojulikana" karibu siku zote ni jabali lisilojulikana na wapandaji. Mchunga mbuzi analijua. Mrina asali amelipanda kwa kamba ya ukindu usiku, bila helmeti. Kwa hiyo kazi ya kulitafuta huanza kwa watu.

Wapandaji wa Nairobi wamekuwa wakitafuta miamba kwa muda mrefu. Klabu yao ya milima, Mountain Club of Kenya, ilianzishwa mwaka 1949, na kilima cha Lukenya, ambacho abiria wa basi la Nairobi hukiona akikaribia Athi River, ndicho kimekuwa uwanja wao wa mazoezi. Miaka ya 1970 wachache wao, wakiwemo Iain Allan na Ian Howell, walishuka hadi Tsavo Magharibi na kufungua njia ndefu katika magenge ya Kichwa Tembo. Hapo ndipo, kwa ukubwa, walipoikaribia Pwani zaidi. Kutoka Tsavo kuja baharini, ukurasa wao ni kama mtupu.

Namna ya kutafuta

Nilisomesha jiografia miaka mingi, basi nitaanza na ramani. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 huonyesha mistari ya mwinuko. Inapobanana hadi ikaonekana kama mstari mmoja mnene, hapo pana genge. Picha za setilaiti kwenye simu husaidia, lakini zina udanganyifu wake: picha imepigwa kutoka juu, na ukuta uliosimama wima haujionyeshi kutoka juu. Kinachoonekana ni kivuli chake. Tafuta picha ya asubuhi au ya alasiri, uone kivuli kirefu chenye ukingo uliokatika ghafla.

Ramani itakuambia urefu tu. Haisemi kama mwamba ni mzima au unamomonyoka ukiushika, wala haisemi kama nyuki wamo. Nyuki si mzaha. Mtu aliyening'inia kwenye kamba hana pa kukimbilia, na katika miamba mingi ya nchi hii wao ni hatari ya kweli kuliko chui na nyoka. Ndiyo maana mrina asali ni mtu wa kwanza ninayemtafuta nikifika kijiji kigeni. Kwa kikombe cha chai atakueleza ni ufa gani una mzinga, ni upande upi unapata kivuli saa nane, na ni wapi jiwe lilianguka mvua zilizopita.

Mawe ya Kambe

Aina ya kwanza ndiyo iliyo karibu na moyo wangu. Nyuma ya ufuo, sambamba na bahari, umepita ukanda wa mawe ya chokaa ambao wanajiolojia wameupa jina la Kambe, kwa nchi ya Wakambe katika kaunti ya Kilifi. Ni mawe ya kale, ya zaidi ya miaka milioni 160, kutoka wakati ambapo nchi ile ilikuwa chini ya bahari. Mvua imeyala ikayachonga kuwa minara, mifereji na mapango, na mizizi ya miti imeyakumbatia. Mtu aliyewahi kuona picha za miamba ya chokaa ya Thailand ataona ndugu yake mdogo hapa, amejificha msituni.

Lakini ni kwa nini msitu upo? Kwa sababu ni kaya. Misitu ya Kaya za Mijikenda, ambayo mingi imekaa juu ya vilima na mawe haya, ilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Makavazi ya Taifa ina kitengo chake cha misitu ya Pwani kwa kazi hii. Kabla ya hati zote hizo yalikuwepo masharti ya wazee: hakatwi mti, hakitolewi hata kijiti cha kuni, na yako maeneo ambayo hata mwenyeji haingii.

Nilipokwenda upande wa Chonyi mara ya kwanza na vijana wawili wenye kamba, tulimkuta mzee amekaa chini ya mwembe. Tulimwamkia, tukaeleza shida yetu, nikamwonyesha vile vyuma vya kuchomeka katika nyufa. Akavigeuza mkononi kwa muda. "Mwalimu," akasema, "mtatoboa jiwe?" Nikamjibu la. "Mtafyeka?" La, mzee. "Na hizi mimea juu ya jiwe mtaing'oa?" Hapo vijana wangu walitazamana, maana kung'oa majani na kusugua kuvu ndiyo kazi ya kwanza ya kila anayefungua njia mpya. Wapandaji huita kusafisha. Mzee hakuwa amewahi kuona mpandaji maishani mwake, lakini yale maswali matatu ndiyo ambayo mtaalamu wa mimea angeuliza.

Sababu ni hii. Katika mawe haya ya chokaa ya Kilifi, kwenye sehemu kama Cha Simba na Kacharoroni, humea ua dogo la rangi ya urujuani ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia rupicola. Ni ndugu wa maua yale yanayouzwa katika vyungu madukani kote Ulaya na Marekani, ambayo asili yake ni milima ya Usambara, nyuma ya Tanga, na jina limetokana na ofisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyeyapeleka kwao miaka ya 1890. Hili letu porini linamea Kilifi peke yake, juu ya mawe yenye kivuli na unyevu, na limo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Halimei ardhini. Lipo kwenye uso wa jiwe, pale pale ambapo kidole cha mpandaji kinatafuta pa kushika. Kijana mmoja mwenye brashi ya waya, kwa asubuhi moja na kwa nia njema, anaweza kumaliza kundi zima.

Kwa hiyo sitaeleza hapa njia ya kufika kwenye mawe hayo, na nawasihi wanaoijua wasiitie kwenye simu. Hukumu yangu ni kwamba mawe yenye ua hili yaachwe yasipandwe. Mawe mengine ya ukanda huu, makavu, yenye jua na yasiyo ndani ya kaya, yapo, na baadhi yake nimeyaona yakivunjwa kuwa kokoto. Hapo naona wivu. Huko Jaribuni, jirani na Kaya Kauma, uchimbaji umekula nchi kwa miaka, na timbo likishamaliza jiwe halirudi. Jabali lililosimama likimpa kijana wa kijiji siku mbili za kuongoza wageni kila wiki, mwenye shamba anapata neno la kumwambia mwenye lori. Si neno kubwa. Ila kwa sasa hana lolote.

Mfano wa kuiga tunao. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 2001. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mtu wa pale pale, hulipa, na huoneshwa tu kile wazee walichokubali kionekane. Hakuna anayepanda jiwe, lakini utaratibu ule ndio tunaouhitaji: sharti limetangulia, mgeni amefuata.

Matumbawe ya baharini

Aina ya pili kila mtu anaijua. Ni yale magenge ya matumbawe ya kale yaliyosimama ufuoni, yenye umri wa kama miaka 125,000, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ukisimama Mama Ngina ukatazama chini utayaona, yameliwa na mawimbi hadi tumbo limeingia ndani na kichwa kimetokeza nje. Yapo Vuma karibu na Takaungu, yapo Watamu, Tiwi, Shimoni. Vijana wa ufuoni hujirusha kutoka juu yake kila Jumapili.

Mtu atasema basi tatizo limekwisha, tupande hapa. Polepole. Jiwe hili ni jepesi na lina matundu, na kingo zake ni kama wembe. Linakata ngozi na linakata kamba. Sehemu iliyotokeza huanguka bila taarifa. Wenzetu katika nchi nyingine hupanda magenge ya namna hii bila kamba, juu ya maji ya kina, wakidondoka wanadondoka baharini. Kwetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, kwa hiyo kina ulichokiona asubuhi mchana ni mwamba mtupu. Wakati wa kusi mawimbi hukurudisha kwenye yale makali kabla hujapata pa kutokea. Ukitaka kujua ni wapi pana kina hata maji yakipwa, waulize wavuvi wa mshipi wanaosimama juu ya magenge hayo. Wanajua kila shimo. Na msimu wa kufikiria jambo hili ni kaskazi, siku bahari imelala.

Jambo moja nataka lishikwe sana: asije mtu akatia bolti za kawaida katika magenge ya bahari. Chumvi na joto hula hata chuma kile kisichoshika kutu. Kinapasuka kwa ndani, nyufa nyembamba kama unywele, na juu bado kinang'aa. Katika magenge ya Railay, Thailand, bolti zilizoonekana nzima zilikatika kwa uzito wa mtu baada ya miaka michache tu, hadi zikaanza kubadilishwa kwa bolti za titani zinazogundishwa kwa gundi maalumu. Shirikisho la kimataifa la wapandaji, UIAA, limetoa tahadhari juu ya jambo hili. Titani ni ghali. Asiye na uwezo wa titani afunge kamba juu kwenye mti imara, atie gunia pale kamba inapogusa ukingo, au aache.

Kuna na suala la njia. Ufuo ni wa umma, lakini vichochoro vya kuufikia vimezibwa kuta na hoteli na nyumba za watu, na wavuvi wamelalamika juu ya hilo tangu nikiwa mtoto. Mpandaji atakutana na ukuta ule ule.

Milima ya Taita na Kasigau

Aina ya tatu ndiyo bora kwa mchezo wenyewe, nami nitaisemea kwa ufupi kwa kuwa wengi mnaifahamu. Ni mawe magumu ya zaidi ya miaka milioni 500, yaliyopikwa kwa joto la ardhini, yale mnayoyaona kutoka kwenye treni mkipita Voi. Nyufa zake hushika chuma vizuri, na bolti ni chache zinazohitajika. Jabali la Mudanda, ndani ya Tsavo Mashariki, ni zuri ajabu, lakini ni mbuga: ndovu wananywa maji chini yake, na hutoki garini unapotaka wala hupandi bila ruhusa ya Huduma ya Wanyamapori.

Kasigau ni habari nyingine. Unaacha barabara kuu Maungu, unaingia vumbini kuelekea kusini, na mlima wa mita 1,641 unainuka mbele yako kutoka nyika tambarare. Kuta zake za mawe ni kubwa, na vijiji vitano vimeuzunguka: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Juu pana msitu wa ukungu unaovipa vijiji hivyo maji, kwa hiyo mpandaji anayefika kileleni ameingia kwenye chemchemi ya watu, na adabu za choo na moto si jambo la hiari.

Watu wa Kasigau wana sababu ya kutowaamini wageni wanaokuja kupima mlima wao. Mwaka 1915, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, serikali ya kikoloni iliwashuku kuwasaidia Wajerumani, ikawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi walifia huko. Waliorudi walirudi baada ya miaka mingi. Wasomaji wa Malindi mnaoishi jirani na kizazi chao mnaijua habari hii kuliko mimi. Ukienda Rukanga na ramani na darubini, ukaanza kuelekeza kidole kwenye genge kabla hujaenda kwa chifu na wazee, usishangae ukikosa hata wa kukuuzia maji.

Taita na Sagalla yako mapango ya mawe ambamo mafuvu ya wahenga yaliwekwa kwa heshima. Mengine hayana kibao wala uzio. Na katika magenge hukaa ndege: kozi wa Taita alipewa jina hilo kwa kuwa alitambuliwa kwanza huko, naye hutaga kwenye kuta za mawe. Ukiona kinyesi cheupe kimetiririka chini ya shimo na ndege mkubwa anazunguka akilia, hiyo njia si yako msimu huu. Hell's Gate wamelijua hilo kwa sababu ya tai wanaotaga kwenye kuta zake.

Mapangoni nako nina neno. Popo wakiwa wengi, kama Fikirini kule Shimoni, tazama kwa mlangoni. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, wanaaminika kupata virusi vya Marburg huko.

Ukishalipata

Andika. Andika jina ambalo wenyeji hulitumia, hata kama ni gumu kulitamka, kwa maana kitabu cha wapandaji kikishatoa jina la kigeni ndilo litakalobaki kwenye ramani ya simu. Andika uliomba ruhusa kwa nani: chifu, wazee, mwenye shamba, au ofisi ya wanyamapori, na walikukubalia nini hasa. Andika mwamba ni wa aina gani, nyuki wako wapi, maji ya kunywa yako wapi, simu inashika wapi. Andika hospitali yenye uwezo wa kumshughulikia mtu aliyevunjika nyonga iko saa ngapi kwa gari; kutoka Kasigau jibu lake si zuri, na hatuna kikosi cha kuokoa watu kwenye magenge Pwani nzima. Nakala moja mpe mzee wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla hujaipeleka Nairobi.

Na malipo yasemwe mapema, mbele ya watu, si kunong'onezana na kijana mmoja nyuma ya gari. Nimeona vijiji viwili vikigombana kwa shilingi ambazo hazikufika mia tano.

Kaskazi hii ikituliza hali ya hewa nitakwenda upande wa Bungule, ambako mrina asali mmoja ameniambia kuna ufa ulionyooka kutoka chini hadi juu, usio na nyuki tangu ukame uliopita. Chifu ameshapigiwa simu. Anasubiri wazee wakae Ijumaa baada ya swala, kisha atatujibu.